Padri Kashinda au Kashindwa? Pepo, Kifafa na Kesi Iliyotugombanisha Mwanjelwa

Filamu iliisha karibu saa nne usiku na hakuna aliyeondoka. Ilikuwa Ijumaa ya mwezi wa sita, baridi ya Mbeya imeshika mpaka pumzi zinaonekana, na ndani ya kibanda umiza nyuma ya soko la Mwanjelwa tulikuwa tumebanana kwenye mabenchi tukiangalia The Exorcism of Emily Rose, filamu ya Marekani ya mwaka 2005, sauti ya mtafsiri ikiwa juu yake. Majina ya waigizaji yalipoanza kupanda kwenye kioo, dereva bajaji mmoja akasimama: "Padri kashinda! Si mmeona kaenda zake nyumbani?" Kijana wa chuo akamkatisha: "Kashinda wapi, braza, wakati wamesema ana hatia?" Dada mmoja mwenye Biblia mkobani, nadhani alikuwa njiani kwenda mkesha, akasema hilo si la kuuliza, sayansi imeaibishwa mchana kweupe. Wakaanza kupokezana maneno: pepo, kifafa, uchawi, madaktari, wachungaji wa siku hizi. Mwenye kibanda akazima taa ndipo tukatoka.

Nje kulikuwa na mama anayekaanga vitumbua. Hakuiona filamu, ila ameisikia saa mbili nzima kupitia turubai. Akauliza swali moja: "Huyo binti, alikuwa anakula?" Hakuna aliyemjibu, kila mtu alikuwa na hoja yake ya pepo.

Nimelifikiria swali lake tangu siku ile. Naamini mtafsiri alituchanganya, maana alisema padri ameshtakiwa "kwa kutoa pepo". Shtaka hilo halimo kwenye filamu. Halikuwamo hata kwenye kesi ya kweli iliyozaa filamu hiyo.

Tuanze na maneno, kwa sababu nusu ya ugomvi wa kibandani ulikuwa wa maneno. Tukisema pepo, tunamaanisha roho inayoaminiwa kumwingia mtu na kumtawala. Kumtoa roho huyo, wazee wa pwani wanaita kupunga, kwa ngoma na ubani. Makanisa ya hapa Nyanda za Juu wanasema kutoa pepo, au maombezi ya kufunguliwa. Wakatoliki wana ibada yao maalumu yenye maandishi yaliyopangwa tangu mwaka 1614, na padri haruhusiwi kuiongoza mpaka askofu wake ampe kibali. Hilo la kibali tutalirudia.

Kifafa ni ugonjwa wa ubongo. Fikiria soko la Mwanjelwa saa tano asubuhi. Huyu anaita nyanya, yule anagombea bei ya viazi, mwingine anapiga soga. Ni kelele, lakini ni kelele yenye kazi, kila mtu na lake. Sasa fikiria ghafla soko zima linapiga ukelele mmoja, kwa pamoja, mfululizo. Hakuna anayeuza tena, hakuna anayesikia. Seli za ubongo zikifanya hivyo, mtu anaanguka na kutikisika, au anakodoa macho tu bila kujibu. Ukelele ukianzia sehemu fulani ya ubongo, mtu anaweza kunusa harufu isiyokuwepo, kushikwa na hofu isiyo na sababu, hata kuona au kusikia vitu ambavyo wengine hawavioni. Kwa hiyo anayesema "nimeona kitu kibaya kikinijia" huenda hadanganyi hata kidogo.

Kwenye filamu, Emily ni mwanafunzi wa chuo anayeanza kupatwa na mambo hayo hosteli, saa tisa usiku. Madaktari wanasema ni kifafa kilichoambatana na kurukwa na akili, wanampa dawa. Dawa haimsaidii kama alivyotarajia, anarudi kwao, anaacha dawa, anamkabidhi roho yake Padri Moore. Anakufa. Padri anashtakiwa kwa kifo kilichotokana na uzembe. Raha ya hadithi ni hii: mwendesha mashtaka, anayesimama upande wa sayansi, ni mtu wa kanisa aliyeshika dini, wakili anayemtetea padri ni mwanamke asiyejua kama anaamini chochote. Ukiona hivyo ujue mwandishi hakutaka kutuletea mechi ya Simba na Yanga.

Saa tisa nayo ina jambo lake, na nadhani sisi tunalipata haraka kuliko wenye filamu. Padri anaeleza kwamba Yesu alikata roho saa tisa mchana, na kwamba mapepo huchagua saa tisa ya usiku kwa kumdhihaki. Mzungu inabidi apige hesabu, maana Biblia yake nyingine inasema saa tisa na saa yake ya ukutani inasema tatu. Sisi tunasoma Injili na kuangalia saa kwa lugha ileile. Ndiyo maana kibanda kilinyamaza kabisa pale.

Turudi kwenye shtaka. Kila anayesafiri kutoka Mbeya kwenda Dar anaufahamu mlima wa Kitonga, kule Iringa. Tuseme dereva wa lori la mahindi amefunga na kuomba kabla ya safari. Mlimani breki zinakatika, watu wanakufa, anafikishwa mahakamani. Hakimu hatamuuliza kama Mungu alisikia maombi. Wala mwendesha mashtaka hatamshtaki kwa kuomba. Ataulizwa: breki zilikaguliwa lini? Ulisikia zinapiga kelele tangu Makambako, kwa nini hukusimama? Kama alikagua kila kitu na bado zikakatika, maombi yake hayamuongezei kosa. Kama hakukagua kwa sababu ameomba, maombi yake hayamuondolei kosa. Kesi ya padri ni ya breki. Mahakama haikukaa kuamua kama pepo yupo. Ilikaa kuamua kama mtu aliyekuwa na wajibu wa kumtunza binti mgonjwa alimwacha afe wakati angeweza kuzuia.

Ukishalishika hilo, kesi ya kweli inaeleweka hata bila filamu.

Emily Rose si mtu wa kweli. Aliyekuwepo ni Anneliese Michel, msichana Mkatoliki wa Bavaria, Ujerumani, aliyezaliwa mwaka 1952 na kukulia mji mdogo wa Klingenberg. Alianguka kifafa mara ya kwanza mwaka 1968, akiwa shule. Alitibiwa miaka kadhaa, akaingia Chuo Kikuu cha Würzburg, hali ikawa inapanda na kushuka. Akaanza kuona nyuso za kutisha na kusikia sauti zinazomwambia amelaaniwa. Familia, watu wa dini sana, ikaomba kanisa msaada. Mwaka 1975 Askofu Josef Stangl wa Würzburg alitoa kibali, na mapadri wawili, Ernst Alt na Arnold Renz, wakaanza ibada. Kati ya Septemba 1975 na mwisho wa Juni 1976 ibada hiyo ilifanyika mara 67. Nyingi zilirekodiwa kwenye kanda, na baadhi ya kanda zilichezwa mahakamani. Anneliese akaacha kula. Alifariki tarehe 1 Julai 1976, akiwa na miaka 23 na uzito wa kilo 31 hivi. Kilichomuua, kwa mujibu wa uchunguzi wa mwili, ni njaa na kukaukiwa maji.

Mwaka 1978 mahakama ya Aschaffenburg iliwatia hatiani watu wanne: mapadri wote wawili, na baba na mama yake. Walihukumiwa miezi sita jela, kifungo kikaahirishwa, yaani hawakuingia gerezani. Mahakama haikuwahukumu kwa kusali. Kosa lao lilikuwa kuona mtoto anakonda mpaka mifupa na kutomwita daktari.

Filamu iliwatoa wazazi kizimbani, ikabakiza padri mmoja. Kisanaa naelewa, padri na wakili kwenye chumba kimoja ni mchezo mzuri. Lakini kwa kufanya hivyo ilituondolea swali linalouma zaidi. Padri tunaweza kumjadili kama mwakilishi wa imani na tukalala usingizi. Mama mzazi je? Aliyekuwa akipeleka sahani ya chakula chumbani na kuirudisha ilivyo?

Kuna ujanja mwingine wa filamu. Mahakamani, baraza la wananchi 12 linasikia maneno tu: daktari anasema hivi, padri anasema vile. Sisi tuliokaa kwenye benchi tunaonyeshwa. Tunaona macho yakigeuka meusi, tunaona nyuso zikiyeyuka kwenye mvua. Mkurugenzi, Scott Derrickson, amejitahidi kuwa muungwana, anarudia matukio mara mbili, mara yakiwa ya pepo na mara yakiwa ya ugonjwa. Lakini mara ya pepo ina muziki, na mara ya ugonjwa ina taa nyeupe za hospitali. Kamera ni shahidi ambaye hakuapa na hakuhojiwa na upande wa pili. Yule dada wa Biblia alishawishiwa na kamera, wala simlaumu, hata mimi niliinua miguu juu ya benchi.

Tena, ile dawa inayotajwa sana kwenye filamu, Gambutrol, haipo duniani. Imetungwa. Mtaalamu wa mila kwenye filamu anayesema dawa hiyo ndiyo iliyomfungia pepo ndani hana utafiti wowote nyuma yake. Nalisema kwa sababu kijana mmoja alitoka kibandani akisema dawa za kifafa "zinafunga roho", na kauli ya namna hiyo ikifika kijijini inaua. Dawa za kifafa, kama fenobabitoni na kabamazepini, zikikatishwa ghafla zinaweza kuleta degedege mfululizo lisilokatika, na hilo huua mtu asubuhi moja. Anayetaka kuziacha anapunguziwa taratibu na daktari.

Wengine watasema: lakini Biblia yenyewe inasema ni pepo. Haya, tuisome. Kwenye Mathayo 17 baba mmoja anampigia Yesu magoti na kusema mwanawe "ana kifafa", na kwamba mara nyingi huanguka motoni na mara nyingi majini. Kwenye Marko 9 ni baba yuleyule, mtoto yuleyule, na neno ni "pepo bubu". Waandishi wawili, mtoto mmoja, majina mawili ya shida moja, na kanisa likaviweka vitabu vyote viwili ndani ya jalada moja bila kupiga kelele. Na hilo la kuanguka motoni muuguzi yeyote wa Makete au Rungwe atakuambia ni la kweli kabisa. Kwenye baridi yetu moto wa mafiga hauzimwi, mtoto anaota moto jioni, kifafa kinampiga, anaangukia makaa. Makovu ya namna hiyo mikononi na usoni ni ya kawaida kwa wagonjwa wa kifafa, na ndiyo yanayowafanya majirani waamini kuna kitu kinamvuta mtoto motoni.

Hapa kwetu kifafa kina chanzo kimoja ambacho wengi hawakijui, na nitakaa nacho kidogo, maana kinatuhusu kuliko filamu. Mbozi, Mbeya Vijijini na maeneo mengine ya Nyanda za Juu Kusini yanafuga nguruwe wengi, na watafiti wamewakuta nguruwe wa huku wakiwa na lava wa minyoo aina ya tegu. Ni zile chembe nyeupe kama punje za wali ndani ya nyama. Mtu akila kitimoto chenye lava hao, hakijaiva, tegu anakua tumboni mwake. Mpaka hapo ana mnyoo tu. Shida inaanza anapojisaidia porini, au asiponawa mikono akitoka chooni. Mayai ya tegu yanatoka na kinyesi, yanaingia kwenye maji, kwenye mboga, kwenye vidole vya mpishi. Mtu akiyameza mayai hayo, lava wanasafiri ndani ya damu, na wengine wanatia nanga kwenye ubongo. Miezi au miaka baadaye anaanguka kifafa.

Angalia basi. Aliyekula nyama na anayeanguka wanaweza kuwa watu wawili tofauti kabisa. Mtu ambaye hajawahi kugusa nguruwe maisha yake yote, Mwislamu au Msabato, anaweza kupata kifafa cha tegu kutoka kwenye mikono ya jirani. Hebu fikiria nyumba ya namna hiyo: watu safi, wacha Mungu, ghafla binti anaanguka bila sababu inayoonekana. Watamtafuta nani? Wanyakyusa wa zamani walikuwa na wazo la pumzi ya watu, kwamba minong'ono ya majirani waliokasirishwa inaweza kumshusha mtu kitandani. Ukiniuliza, hawakukosea sana kuangalia upande wa jirani. Walikosea njia tu, maana kinachovuka ua ni mayai ya mnyoo.

Na povu la mgonjwa wa kifafa haliambukizi. Watu wanamkimbia mtu aliyeanguka stendi wakiogopa mate, anabaki anajigonga kichwa kwenye lami. Mlaze ubavu, ondoa mawe na vitu vya ncha, usimtie kijiko mdomoni, angalia saa. Ikipita dakika tano bado anatikisika, tafuta usafiri wa hospitali.

Sasa nimpe sayansi sehemu yake ya lawama, kwa kuwa kijana wa chuo aliondoka akiwa na kiburi kuliko alivyostahili. Kipimo cha mawimbi ya ubongo, ambacho Mjerumani Hans Berger alikitangaza mwaka 1929, kinaweza kutoka safi kabisa kwa mtu mwenye kifafa, kama siku hiyo ubongo umetulia. Dawa hazimtulizi kila mgonjwa. Daktari aliyesimama kizimbani anatoa maoni ya kitaalamu, na maoni ni maoni, ndiyo maana kuna upande wa pili wa kumhoji. Wala hakuna maabara iliyowahi kuthibitisha kwamba pepo hayupo. Maabara haina kifaa cha kumpima. Inachoweza kusema ni kwamba mwili huu umekosa maji, na ukipewa maji una nafasi ya kuishi.

Kanisa Katoliki lenyewe lilitoa toleo jipya la ile ibada mwaka 1999, likisisitiza tahadhari ya kutomdhania mgonjwa kuwa amepagawa, na likielekeza watu wa tiba washirikishwe panapohitajika. Ile miezi ya Klingenberg kulikuwa na kibali, kulikuwa na maandishi, kulikuwa na kanda. Daktari ndiye hakuwepo chumbani.

Je, ingekuwa kwetu? Katiba inampa kila mtu uhuru wa dini, na kuombea wagonjwa si kosa. Lakini Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inahesabu kuwa ni kuua bila kukusudia pale mtu mwenye wajibu wa kulinda uhai wa mwenzake anapouacha wajibu huo kwa uzembe mkubwa na mwenzake akafa. Haiulizi dini yake. Hata Sheria ya Uchawi, iliyotungwa mwaka 1928 na bado ipo, ukiisoma vizuri inazungumzia nguvu "zinazodaiwa". Neno hilo limebeba mzigo mkubwa. Sheria imekwepa kusema uchawi upo au haupo. Inamshughulikia anayejidai kuwa nao na anayemtaja mwenzake kuwa mchawi. Tofauti na Marekani, huku hatuna wananchi 12 wa kuamua hatia. Kwa miaka mingi tulikuwa na wazee wa baraza waliomshauri jaji, naye hakufungwa na ushauri wao.

Kwa hiyo kibandani nani alikuwa sahihi? Dereva bajaji na kijana wa chuo, wote. Kwenye filamu wale 12 wanamkuta padri na hatia, kisha wanamwomba jaji adhabu iwe sawa na siku alizokwisha kukaa mahabusu. Jaji anakubali, padri anatoka. Kuwa na hatia na kwenda nyumbani ni mambo yanayoweza kukaa pamoja. Mahakama hutofautisha kosa na adhabu kila siku. Hata kule Aschaffenburg mwendesha mashtaka hakuomba jela kwa yeyote: mapadri aliwaombea faini, na wazazi aliona wamekwisha kuadhibiwa vya kutosha kwa kufiwa.

Wiki iliyofuata nilipita tena pale nyuma ya soko. Mama wa vitumbua alikuwa palepale. Nikamwambia yule binti wa kweli hakuwa anakula, na kwamba siku anakufa alikuwa na kilo 31. Akasimamisha mwiko, akapiga hesabu kimoyomoyo kama wanavyopiga watu waliozoea mizani ya soko.

"Hazifiki debe mbili za mahindi," akasema. "Na nyumbani kulikuwa na watu?"

Nikamwambia walikuwepo. Baba, mama, na mapadri wakija kila wiki.

Akageuza kitumbua kilichokuwa kinaanza kuungua.